Easy, Medium, Hard au Expert? Levo za magemu ya gitaa na ipi inakufaa

Ukishachagua wimbo, gemu linakuuliza swali moja kabla halijaanza: Easy, Medium, Hard au Expert? Wengi hulijibu kwa aibu. Mgeni anachagua Easy asije akachekwa kwa kushindwa. Aliyewahi kushika gitaa la kweli anachagua Expert asije akachekwa kwa kuchagua Easy. Baada ya dakika tatu wote wawili wameliweka gitaa mezani na wanasema gemu lenyewe halina maana.

Nimekaa na gitaa la plastiki la mitumba miaka kadhaa sasa, na nimewafundisha ndugu na majirani wa kutosha kujua wanakwama wapi. Majina yale manne yanakudanganya. Yamepangwa kama ngazi yenye vipandio vinavyolingana, na vipandio vyenyewe havilingani hata kidogo. Kutoka Easy kwenda Medium ni kuvuka kizingiti cha mlango. Kutoka Medium kwenda Hard ni kupanda ukuta. Kutoka Hard kwenda Expert, kwa jinsi jina linavyotisha, ungedhani ni mlima, kumbe mara nyingi ni kutembea tu, mradi wimbo umeuchagua vizuri.

Nazungumzia ukoo ulioanza na Guitar Hero ya mwaka 2005 kwenye PlayStation 2, kazi ya Harmonix na RedOctane, ukaendelea na Rock Band mwaka 2007, na leo unaishi zaidi kwenye kompyuta kupitia Clone Hero. Gitaa lina vitufe vitano shingoni: kijani, chekundu, cha njano, cha bluu na cha chungwa. Mahali ambapo nyuzi zingekaa pana kibao kidogo cha kucharazia, unakisukuma juu au chini. Nota zinateremka kwenye skrini kama magari kwenye barabara ya mteremko. Unabana rangi yake, na ikigusa mstari unacharaza. Hivyo tu. Kanuni hii haibadiliki kutoka levo hadi levo.

Kinachobadilika ni idadi ya nota zilizoachwa. Watengenezaji huandika Expert kwanza, nota karibu zote za gitaa unalolisikia, halafu wanapunguza: hapa wanatoa nota mbili, pale wanakifuta kitufe cha chungwa, mpaka ibaki Easy. Kwa hiyo Easy si wimbo mdogo. Ni wimbo mkubwa uliotobolewa matundu, na ukilielewa hilo utaona ni kwa nini mtu mwenye sikio zuri huteseka zaidi chini kuliko juu.

| Levo | Vitufe | Nota za pamoja | Barabara | Kazi mpya ya mkono |
|---|---|---|---|---|
| Easy | 3 | nadra | polepole | kubana na kucharaza kwa wakati mmoja |
| Medium | 4 | mbili, mara chache | ya kati | kila kidole na kitufe chake |
| Hard | 5 | mbili, mara nyingi | inakimbia | kuhamisha mkono, kugonga bila kucharaza |
| Expert | 5 | mpaka tatu | inakimbia zaidi | pumzi, na nota zote za wimbo |

Jedwali hili ni la Guitar Hero za mwanzo na Rock Band. Magemu mengine yana hesabu zake, nitayafikia.

Easy na Medium

Hapa sitakaa sana, na wewe usikae sana. Easy ina kijani, nyekundu na njano, vidole vitatu, na nyingi ya nota zake zinaangukia pale ambapo ungepiga makofi. Kazi yake ni moja: kuifanya mikono miwili ikubaliane. Mkono wa kushoto unabana kabla, wa kulia unacharaza kwa wakati. Mtu mzima huyapata haya jioni moja. Mtoto wa miaka sita anaweza kuchukua wiki, na hapo hakuna haraka.

Easy inafundisha pia namna pointi zinavyopatikana, na inafaa uelewe mapema. Kwenye Guitar Hero kila nota ni pointi 50. Ukipiga 10 mfululizo bila kukosea pointi zinazidishwa mara mbili, ukifika 20 mara tatu, ukifika 30 mara nne. Halafu kuna Star Power: unaikusanya kwa kumaliza vipande vyenye nota za nyota, kisha unainua shingo ya gitaa juu na mara nne inageuka mara nane. Wapo watu wazima wenye kazi zao na heshima zao ambao wanacheza gemu hili kwa ajili ya kuinua lile shingo tu. Siwalaumu.

Kwa walio wadogo zaidi, Guitar Hero World Tour ya mwaka 2008 iliongeza levo ya chini kabisa iitwayo Beginner. Huko hubani rangi yoyote, unacharaza tu kwa mdundo. Mpe mtoto wa miaka minne, atajiona msanii.

Medium inaleta bluu. Vitufe vinne, vidole vinne, kila kimoja na nyumba yake. Mkono unatulia mahali pamoja kama abiria aliyepata siti ya dirishani. Na hapo ndipo mtego ulipo.

Medium na Hard: ukuta

Mpwa wangu alikaa Medium miezi minne. Alikuwa na nyota tano, zile alama ambazo gemu linakupa wimbo ukiisha, karibu kila wimbo, anacheza huku anaongea, anacheza huku anakula karanga. Siku niliyombadilishia Hard alianguka kwenye wimbo wa kwanza kabisa, ule wa kuwapokelea wageni, kabla haujafika nusu.

"Mjomba, kidole hakifiki!"

Nikamwambia kidole kinafika, mkono ndio umegoma kuhama.

Tazama mkono wake wakati ule. Kidole cha shahada kimegandia kwenye kijani, cha kati kwenye nyekundu, cha pete kwenye njano, kidole kidogo kwenye bluu. Nota ya chungwa inakuja. Kidole kidogo kinaruka kuifuata, kinaacha bluu, kinafika kimechelewa, na kikirudi hakijui bluu iko wapi tena. Nota tatu zinazofuata zinapotea, mshale unaoonyesha watazamaji wanavyokupokea unashuka kwenye nyekundu, wanazomea. Kosa moja limezaa manne. Haikuwa kasi iliyomwangusha. Nota ile ya chungwa ilikuwa peke yake, na ilikuja taratibu.

Hesabu ni rahisi: vitufe vitano, vidole vinne. Medium haikuulizi swali hilo hata siku moja, kwa hiyo miezi minne ya Medium haikupi jibu. Inakupa mazoea ya kuuacha mkono mahali pamoja, na kadiri unavyoyakomaza ndivyo Hard inavyozidi kuuma. Ndiyo maana nawashauri watu waondoke Medium wakiwa bado wanakosea. Ukishaweza kumaliza wimbo wa Medium kwa nyota tatu, umemaliza kazi yako pale.

Kuvuka kwenyewe kuna shule mbili. Ya kwanza inabakiza kidole cha shahada kwenye kijani na kukinyoosha kidole kidogo mpaka chungwa. Ya pili inauteremsha mkono wote hatua moja: shahada inakaa kwenye nyekundu, kidole kidogo kwenye chungwa, na mkono unapanda tu kijani inapotokea. Mimi ni wa shule ya pili. Nimeona wenye vidole virefu wakifanikiwa kwa ya kwanza, lakini mikono midogo, ya watoto na ya watu wengi tu wazima, inachoka haraka kwa kunyooka. Mpwa wangu nilimwekea tone la gundi kavu kwenye kitufe cha njano, kiwe na kipele. Njano iko katikati, kidole kikiihisi mkono unajua uko juu au chini bila kuangalia. Siku tatu alilalamika kinamkera. Ya nne alisahau kama kipo.

Jambo la pili linaloanza kwa uzito kwenye Hard ni nota za kugonga. Ukishacharaza nota ya kwanza, zinazofuata karibu nayo unaweza kuzibana tu bila kucharaza, kama mpiga solo anavyoigonga waya kwa kidole cha kushoto. Kwenye Guitar Hero zina kichwa cheupe kinachong'aa. Kwenye Rock Band ni ndogo kuliko nyingine. Easy na Medium zimetawanya nota mbali mbali kiasi kwamba hutazihitaji. Hard inakuletea nne, tano, sita mfululizo, na anayejaribu kuzicharaza zote kiganja kinamshika ganzi. Hapa toleo nalo lina neno. Guitar Hero ya kwanza ni kali mno katika kupokea nota hizi, ya pili ya mwaka 2006 ikalegeza, ya tatu ya mwaka 2007 ikalegeza zaidi. Ukiweza kuchagua diski, jifunzie kwenye ya pili au ya tatu.

Sababu nyingine ya kuiacha ile ya kwanza: haina sehemu ya mazoezi. Ya pili inayo. Unachagua kipande cha wimbo kinachokuangusha, unakirudia peke yake, na unapunguza mwendo mpaka vidole vielewe. Hii ndiyo njia ya kuuvuka ukuta. Gemu hupanga nyimbo kwa makundi, kutoka nyepesi hadi ngumu. Chukua za kundi la kwanza, zile za polepole, zipige zote kwenye Hard hata ukianguka, na usirudi Medium kujifariji. Ukirudi, mkono unarudi nyumbani.

Hard na Expert

Watu wengi wameganda Hard kwa hofu ya jina. Nami niliganda, karibu mwaka mzima, mpaka siku moja nilibonyeza vibaya kwenye menyu na kujikuta ndani ya Expert. Wimbo ulikuwa wa taratibu, naujua kwa moyo. Niliumaliza. Zaidi ya hapo, kuna kipande kilichokuwa kinanisumbua kila siku kwenye Hard ambacho nilikipiga bila kosa.

Sababu ni yale matundu. Kwenye Hard, gitaa la kwenye spika linapiga nota nane za haraka, wewe umepewa tano, na zile tatu zilizoondolewa hazikuondolewa kwa mpango ambao sikio lako linaujua. Unapiga, unangoja, unapiga mbili, unangoja tena. Inakubidi usome kila nota kwa macho. Kwenye Expert unapewa zote nane, mkono unafanya kile ambacho sikio linasikia, na macho yanapata nafasi ya kutazama mbele. Mtu aliyekulia karibu na muziki, kwenye kwaya, kwenye ngoma, hata aliyepiga tumba kwenye taarabu ya mtaani, namshauri aijaribu Expert mapema kuliko alivyopanga.

Ila sharti ni kuujua wimbo. Nyimbo za magemu haya karibu zote ni roki ya Marekani na Uingereza, na wengi wetu tumekua na dansi, rumba na bongo fleva redioni. Mchezaji wa Ohio anaanza na wimbo aliousikia tangu utotoni kwenye gari la baba yake. Wewe unausikia kwa mara ya kwanza huku nota zinakujia usoni. Wimbo usioujua nauhesabia levo moja ya ziada. Dawa yake ni ya bure: usikilize mara tano ukiwa unaosha vyombo, halafu ndiyo ushike gitaa.

Expert ina ugumu wake wa kweli, sitakudanganya. Nota tatu kwa mpigo, kucharaza kwa kasi bila kupumzika, nyimbo zinazokula dakika saba. Mfano unaojulikana na kila mchezaji ni wimbo wa DragonForce, Through the Fire and Flames, uliowekwa mwishoni mwa Guitar Hero III. Kwenye Expert una nota 3,722. Wengi huanguka mwanzoni kabisa, kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kwenye mfululizo wa kugonga unaohitaji vidole vya mikono yote miwili shingoni. Wapo waliokuwa wakifunga kitufe cha kijani kwa mpira wa kufungia pesa ili kibaki kimebanwa. Lakini kuipima Expert yote kwa wimbo huo ni kama kupima bahari kwa dhoruba moja. Ziko nyimbo nyingi za Expert ambazo mtu wa Hard wa miezi miwili anazimaliza jioni ya leo.

Kuna kifaa kimoja ambacho watu hawakigusi, nacho ni mwendo wa barabara. Matoleo mengi yanakuruhusu uharakishe nota zinavyoteremka bila kuuharakisha wimbo wenyewe. Ukisikia hivyo unadhani ni kujiongezea taabu. Jaribu. Nota zikienda polepole kwenye Expert zinasongamana kama daladala saa kumi na moja jioni, huoni ipi iko mbele ya ipi. Ukiharakisha barabara zinaachana, kila moja inasomeka. Siku mbili macho yatalalamika, baada ya hapo hutarudi.

Levo ya gemu na uzito wa wimbo ni vitu viwili

Hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapowapoteza watu. Mtu anasema "mimi niko Hard", kana kwamba Hard ni cheo. Kwenye Rock Band kila wimbo una alama zake za uzito kwa kila chombo: vidoti vinavyoanzia sifuri, na zile ngumu kabisa zimewekewa vichwa vya shetani. Wimbo wa doti moja kwenye Expert ni mwepesi kuliko wa mashetani kwenye Hard. Kwa hiyo usihame levo kwa mkupuo. Hama wimbo kwa wimbo: za kundi la kwanza na la pili zicheze Expert, za katikati Hard, na zile za mwisho zicheze Medium kama ndivyo hali ilivyo. Hakuna anayekuandikia ripoti.

Na kabla ya kuilaumu levo yoyote, ilaumu televisheni. Magemu ya 2005 na 2006 yalizaliwa wakati wa televisheni zile za mgongo mkubwa ambazo hazikuwa na ucheleweshaji wa kuhisika. Ukiunganisha PlayStation 2 kwenye skrini bapa ya leo, picha inaweza kuchelewa nyuma ya sauti. Kwenye Easy hutaona tofauti, kwenye Hard utaona kila nota inakukataa. Nenda kwenye mipangilio ya gemu utafute sehemu ya kusawazisha ucheleweshaji, na kwenye televisheni washa hali ya gemu kama ipo. Nilimpokea kijana mmoja aliyekuwa ameuza gitaa lake kwa hasira kwa sababu "Hard haiwezekani". Tatizo lilikuwa televisheni mpya ya mama yake.

Gemu lipi, maana Hard ya huku si Hard ya kule

Kama una PlayStation 2 nyumbani, Guitar Hero II na III ndizo shule bora kwa maoni yangu. Kazi ni kulipata gitaa. Ukilipata kwenye mitumba ya elektroniki, kabla hujatoa pesa bana kila kitufe na ucharaze juu na chini mara ishirini. Kibao cha kucharazia ndicho kinachokufa kwanza, na gitaa lisilopokea kucharaza kwa juu litakufungia Medium maisha yako yote. Uliza pia kama kuna kipokezi chake. Magitaa mengi yasiyo na waya hayazungumzi na mashine bila kile kipande kidogo, na hicho ndicho wauzaji hukipoteza.

Rock Band inashinda kwenye nyumba yenye watu wengi. Kila mmoja anachagua levo yake ndani ya wimbo huo huo: kaka yuko Expert kwenye gitaa, shangazi yuko Easy kwenye besi, na wote wanamaliza pamoja. Akianguka mmoja, mwingine anaweza kumwokoa. Besi, kwa njia, ni mahali pazuri pa kuonjea Expert kwa mara ya kwanza. Kwenye nyimbo nyingi nota zake ni chache. Ngoma ni habari nyingine kabisa na levo zake zina hesabu ya miguu. Siingii huko.

Guitar Hero Live ya mwaka 2015 ina gitaa jingine: vitufe sita, safu mbili za vitatu vitatu. Levo zake ni tano, na zile za chini zinatumia safu moja tu. Kwa mikono midogo ni nafuu, kwa sababu hakuna kunyoosha kidole kidogo. Ukuta wake ni kuruka kutoka safu hadi safu, na aliyezoea vitufe vitano anaanza upya karibu na sifuri. Ungeniuliza 2016 ningesema inunue. Ila huduma yake ya nyimbo za mtandaoni ilifungwa Desemba 2018, zikabaki zile 42 za kwenye diski. Usitoe pesa nyingi.

Clone Hero ni ya bure, inaendeshwa na kompyuta ya kawaida, na ndiyo wengi wetu tunaweza kuipata leo bila kuagiza kitu. Unaweza kuicheza hata kwa kibodi: mkono mmoja unabana, mwingine unacharaza. Lakini yapo mambo mawili yanayohusu levo ambayo hutayaona mpaka yakukwamishe. La kwanza, nyimbo nyingi zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe zina Expert tu. Aliyeziandika hakupata muda wa kupunguza. Anayeanza anafungua wimbo anaoupenda, anakuta Easy haipo, anadhani ameharibu kitu. Tafuta kwanza mikusanyo yenye levo zote nne, au tumia sehemu ya mazoezi kupunguza mwendo wa Expert. Kwa wengine njia hii ya pili ni bora kuliko Medium, maana mkono unajifunza wimbo mzima tangu mwanzo, polepole. La pili ni kibodi yenyewe. Kibodi nyingi za bei nafuu haziwezi kusoma vitufe vitatu au vinne vilivyobanwa pamoja, inategemea ni vipi. Nota tatu za Expert zinakuja, umebana sawasawa, kompyuta imeona mbili. Badilisha herufi ulizoziweka mpaka upate zinazosomeka, kabla hujaamua kwamba wewe ndiye mzito.

Fortnite Festival, iliyotoka Desemba 2023 kutoka kwa Harmonix wale wale ambao sasa wako chini ya Epic, inatumia majina yale yale manne. Usiyalinganishe. Kwa pedi ya kawaida hakuna kucharaza. Unabonyeza njia husika nota inapofika, basi. Easy, Medium na Hard zina njia nne, na ya tano inakuja kwenye Expert peke yake. Maana yake ukuta umehamishwa: hapa Medium kwenda Hard ni laini, Hard kwenda Expert ndiko kwenye maumivu, kwa sababu vidole vinavyotumika vinapangwa upya. Mtu wa Expert ya Festival akishika gitaa la plastiki kwa mara ya kwanza, mwanzishe Medium. Atakasirika, na wiki ijayo atakuwa Hard.

Halafu kuna anayeuliza: nikifika Expert nitakuwa nimejua gitaa? Hapana. Utakuwa na mdundo mzuri, mikono inayofanya kazi tofauti bila kugombana, na sikio linalolitofautisha gitaa la solo na la ridhim ndani ya bendi. Nyuzi hutakuwa umezigusa. Anayetaka nyuzi atazame Rocksmith ya Ubisoft, iliyoanza 2011, ambayo unaichomekea gitaa la umeme la kweli kwa waya wake maalumu. Yenyewe haikuulizi levo mwanzoni. Inaanza na nota chache, na kila kipande cha wimbo kinapanda au kushuka kivyake kufuatana na ulivyokipiga: kiitikio kinaweza kuwa kimejaa wakati solo bado ina nota tatu. Kwa mtu mwenye aibu ya kuchagua ni raha. Kwa mtu kama mpwa wangu, anayetaka kuona neno Expert limeandikwa juu ya skrini ili ampigie picha binamu yake, haina ladha.

Yeye, kwa taarifa, yuko Hard kwenye nyimbo za kundi la nne na Expert kwenye la kwanza. Wiki iliyopita nilimkuta amelitoa lile tone la gundi kwa ukucha. Nikamuuliza sasa njano utaijuaje. Hakunijibu, alikuwa katikati ya solo.